Taa Niliyoisifu Bila Kuiwasha

Bwana wetu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe ng'ambo hii ya Ziwa Mweru, asifiwe na ng'ambo ile tulikotoka! Mimi ni Bernadette, mnanijua, yule muuza dagaa wa soko la Nchelenge mwenye domo. Leo domo hili linataka kueleza lilivyonitia aibu, na Mungu alivyonitoa humo. Nivumilieni kidogo, maana nikifika mahali fulani nitalia. Nikilia msiniimbie wimbo, ningojeni tu.

Kwanza nimtaje Mama Chola. Mwaka ule nilipokimbia vita kwetu Congo nilivuka ziwa na mtoto mgongoni na sufuria moja. Mtumbwi ulitushusha Kisiwa cha Chisenga. Kibemba cha huku sikujua hata neno. Mwanamke mmoja wa pale, mwenye mitumbwi miwili ya kuvua, alinitazama pale ufukweni, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha biashara, "Weye, utalala kwangu." Sikuwa nimemwomba kitu. Huyo ndiye Mama Chola. Nilikaa kwake mpaka mtoto akaanza kutembea.

Yeye ndiye aliyenipa beseni langu la kwanza la chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, ili nikauze. Kabla ya kunikabidhi alilimwaga lote juu ya mkeka. Nilishangaa. Akasema, "Chini ya gunia njo kwenye mutu anafichaka muchanga. Ukiuzisha, mwaga kwanza, mutu aone mupaka ya chini." Basi tangu siku hiyo namwaga. Na yeye akishamwaga na kupima huongeza kiganja kimoja juu, cha bure. Wenyeji wanakiita mbasela. Sisi kule Congo tulisema matabishi. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa, mnajua ziwa linavyofungwa kila mwaka ili samaki wazae. Miezi hiyo sisi wauza dagaa tunakaa na mikono magotini. Mwaka uliopita, katika miezi hiyo, niliangukia video kwenye simu. Kijana nadhifu, tai shingoni, anaeleza kwamba mtu anaweza kupata pesa kwa kuandika blogu. Nikasema, ala! Mimi nilisoma kwetu hadi sekondari, nikasifiwa kwa insha, na kazi yenyewe haitaki mtaji ila simu na bando. Nikafungua blogu, nikaiita Habari za Ziwa. Niliandika namna ya kuanika chisense wakati wa mvua, namna ya kutambua waliolala na unyevu, vitu tunavyovijua sisi wanawake. Ndugu zangu, watu walisoma! Mama mmoja wa Mwansabombwe alinipigia kunishukuru. Nilifurahi, tena sana. Sioni haya kwa hilo mpaka leo.

Lakini shukrani haziliwi. Nikarudi kwa yule kijana wa video. Akafundisha jambo la pili: chagua bidhaa kwenye duka la mtandaoni, isifu, weka kiungo, na msomaji akinunua kupitia kiungo chako duka linakupa sehemu yako. Halafu akasema maneno haya: "Watu hawaamini tangazo, wanaamini ushuhuda. Andika kama mtu aliyeitumia."

Ushuhuda! Neno letu hili hili, ndugu zangu! Lilipita masikioni mwangu wala sikushtuka. Nimelelewa kanisani, amri ya kutoshuhudia uongo naijua tangu shule ya Jumapili, na nikaona ni mbinu tu ya biashara.

Nikachagua taa ya jua. Mnajua chisense huvutwa na mwanga. Usiku wavuvi huning'iniza taa juu ya maji, dagaa wanakusanyika, wavu unapita chini yao. Ile taa kwenye picha ilikuwa nzuri, nyeupe, haiingizi maji ya mvua. Maelezo yake yalikuwa Kiingereza, nikayapitisha kwenye tafsiri ya simu. Kulikuwa na mstari mmoja sikuuelewa, kitu kuhusu "kuhisi mwendo". Nikauruka. Nikaandika: "Mimi mwenyewe nimetumia taa hii na wavuvi wangu, chisense wanakuja kama wameitwa." Wavuvi wangu! Mimi ambaye sijawahi kukaa kwenye mtumbwi wa uvuvi hata mara moja, kazi yangu ni kungoja nchi kavu na beseni!

Mama Chola hasomi. Nilimsomea mimi, kwa ujumbe wa sauti, maana nilijivuna. Akanipigia. Aliniuliza swali moja tu: "Bernadette, weye mwenyewe ulishatumika na ile taa?"

Hapo, ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kucheka nikasema, aa mama, ni biashara tu. Nikajibu, "Ndiyo, mama. Nilishatumika nayo."

Hakuuliza tena. Aliuza taa zake za zamani, akampata mtu wa kumwagizia zile mpya kupitia kiungo changu, za kutosha mitumbwi yote miwili. Zikaja na basi hadi Nchelenge, mimi mwenyewe nikazipakia kwenye boti la Chisenga. Sikufungua hata boksi moja. Naliona boksi lile mpaka sasa, lilikuwa na picha ya ukuta na mwizi anakimbia. Mungu alikuwa ameniandikia jibu kwenye katoni, mimi nikalifunga kwa kamba.

Ziwa lilipofunguliwa wavuvi wote waliingia majini. Zile siku za kwanza ndizo zinazolisha nyumba baada ya njaa ya kufungwa, mnazijua. Wavuvi wa Mama Chola wakaning'iniza taa zangu. Mvuvi wa chisense hukaa kimya ili dagaa wasitawanyike. Basi walipokaa kimya, taa zikafifia. Mtu akiinua mkono, zinawaka kwa nguvu, dagaa wanakimbia. Wakikaa kimya, zinafifia tena. Zilikuwa taa za kulinda ukuta wa nyumba, zinaamka mtu akipita! Mitumbwi miwili ikarudi na dagaa wa kufunika chini ya beseni tu. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu.

Mama Chola alinitumia ujumbe wa sauti. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, taa zinalala. Unafanyaka namna gani kuziamsha?" Alidhani najua! Sikujibu. Nikaacha kwenda bandarini. Boti la Chisenga likifika nilikuwa napitia nyuma ya maduka. Wiki tatu, ndugu zangu, nimemkimbia mwanamke aliyenilaza nyumbani mwake.

Na ile sehemu yangu ya duka? Haikunifikia. Duka halitoi mpaka ufikishe kiwango, na mimi sikukifikisha. Nilimuuza Mama Chola kwa pesa ambayo sikuipokea hata ngwee moja. Cheka wee, na mimi nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya.

Siku moja akaja sokoni mchuuzi wa kutoka Chisenga, dada mmoja mwongeaji kuliko mimi. Akaniambia habari za kisiwani. "Bale babaya bako nasema ulimudanganya Mama Chola," akasema. "Yeye anabajibu, awe, awe, hapana, Bernadette hawezi. Anasema ule mutoto alitumika nayo kwanza, pengine ni maji yetu njo inakatala."

Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa karibu na muuzaji niliyetaka kununua kwake, na kwa mazoea tu, kwa sababu mdomo ulikuwa tayari umefunguka, nikamwambia, "Mwaga nione mpaka ya chini." Akainua gunia, akamwaga. Chisense wakatapakaa mkekani, wakavu, safi, mpaka wa mwisho. Nami nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, nimepiga magoti kwenye mkeka wa mtu. Muuzaji maskini akaogopa, "Mama, hazikuoza! Nusa! Hazikuoza!" Ndugu zangu, gunia lililooza lilikuwa mimi.

Nilisema pale pale, katikati ya soko, "Yesu, nimwage." Hayo tu. Sikuwa na maneno mengine, mimi mwenye domo.

Kesho yake asubuhi nikapanda boti. Njiani nilitunga maneno mengi mazuri, ya kuanza na historia, ya kumlaumu yule kijana wa video. Nilipofika Mama Chola alikuwa anaanika. Aliponiona alisimama, akapiga makofi ya kukaribisha, "Mwaiseni, mwaiseni, mutoto wangu!" Makofi yale yaliniua. Maneno yote mazuri yakapotea. Nikachuchumaa mbele yake nikasema:

"Mama, sikuitumikaka. Hata siku moja. Sikuiwasha. Nilikudanganya."

Alitazama mkeka wake, akageuza dagaa kwa vidole, huyu, na huyu. Mimi nilibaki chini. Kisha akauliza, "Na mu simu unaandikaka tena?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika hii. Hapa. Na unisomee."

Nikatoa simu. Niliandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo yake: kwamba niliisifu taa ambayo sikuwahi kuiwasha, kwamba ni taa ya kulinda ukuta, inafifia wavuvi wakinyamaza, kwamba mama aliyenipokea nilipokuwa mkimbizi alipoteza siku zake za kwanza za ziwa kwa neno langu. Kiungo nikakifuta. Majirani wakaja kusikiliza, na wale waliosema nilimdanganya wakiwemo. Nikamsomea mbele yao, mstari kwa mstari. Sijawahi kuandika kitu kigumu namna ile, na sijawahi kupumua vizuri kama nilipokimaliza.

Mnangoja niseme kwamba baada ya hapo Mungu alinipa gari. Hapana! Wasomaji wengine walinitukana, wengine wakaniacha. Nilikaa kisiwani majuma mawili nikianika na kubeba dagaa wa Mama Chola, mpaka alipopata taa za kweli. Hakunidai kazi hiyo, nilibaki kwa nguvu. Zile za ukuta zinalinda vibanda vyake vya dagaa sasa, na mbwa wa Chisenga wanaziogopa. Blogu bado ninayo, bado haijaninunulia hata chumvi, na ninaandika kile tu nilichokishika kwa mikono hii. Huenda siku moja italipa. Isipolipa, usiku nalala.

Lakini sikilizeni siku ile ile ya kwanza ilivyoisha. Boti lilikuwa linaita abiria, nami nikataka kurudi kuchukua nguo zangu. Mama Chola akasema, "Unaenda mikono mitupu?" Akachukua beseni, akalijaza. Akalimwaga lote mkekani mbele yangu, mimi mwongo, ili nione mpaka ya chini, kama siku ile nilipokuja na sufuria moja. Akalirudisha, akapima. Nikadhani amemaliza. Kisha akaweka mkono kwenye rundo, akatoa kiganja kilichojaa, akakiweka juu.

Mbasela. Kwangu!

Ndugu zangu, mimi nimehubiriwa neema miaka mingi. Niliiona siku hiyo, ilinuka dagaa. Namshukuru Mungu aliyenimwaga bila kunitupa. Namshukuru Mama Chola, yule pale mwenye kitambaa cha njano, amevuka ziwa asubuhi hii kuja kunisikia, na mkimuuliza atawaambia kama nimeongeza chumvi. Na wewe uliyekaa hapo na gunia lako limefungwa kamba, unaogopa mtu akiona chini atakuacha: lete. Limwage mbele za Bwana leo. Halafu usiondoke haraka. Ngoja mkono wake urudi kwenye rundo.