Miche ya Shina Tupu

MAMA PACHA: Haloo? Nani mwenzangu?

WIFI: Mimi, wifi yako. Namba mpya hii.

MAMA PACHA: Aa! Umeadimika wewe! Kazi mpya imekumeza?

WIFI: Mzima mzima. Pacha hawajambo?

MAMA PACHA: Hawajambo, kupigana tu. Niko kitaluni namwagi—

WIFI: Wifi, kaswali kadogo. Ile miche ya shina tupu... mbona haitoi maua?

MAMA PACHA: Si nilikufundisha mwenyewe? Homoni ya kukuza hupita kwenye vilango vya seli. Jeni inayotengeneza vilango ikiharibika, homoni haisafiri, haifiki pale ua linapotaka kuchipua. Shina linapanda juu tupu, kama sindano.

WIFI: Hilo najua. Ila sasa mbegu mtu anapata—

MAMA PACHA: Ngoja. Mbegu za nini? Huko kazini kwenu si mnafanya mahindi?

WIFI: Haloo? Mtandao unakata...

MAMA PACHA: Haukati! Miche yangu, wiki ile uliyoaga hapa kitaluni. Ulisema imekufa kwa ukungu. Ilikufa kweli?

WIFI: Wifi, nisikilize kwanza—

MAMA PACHA: Nililia mbele yako! Ukanishika bega, ukanipa na maji ya kunywa!

WIFI: Mkubwa wangu alitaka kitu kipya, nikawa nimeshaahidi, ndiyo nikaibeba—

MAMA PACHA: Kazi hiyo nilikuombea kwa mdomo huu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

WIFI: Nisamehe, wifi. Inazeeka yote bila mbegu. Nisaidie, tutaandika majina yetu wote wawili kwenye utafiti.

MAMA PACHA: Haizai, na haitazaa. Mbegu hutoka kwa ndugu zake, ile yenye maua. Kwa nje ya kawaida tu, ndani mingi imebeba nakala moja ya jeni mbovu. Ndiyo inayoendeleza ukoo.

WIFI: Ile... ya trei ya dirishani?

MAMA PACHA: Hiyo hiyo. Na mbegu za akiba nilizipanda zote humo, kwa kukuamini. Sikiliza. Nirudishie trei hiyo tu. Mengine nitayameza.

WIFI: Niliona ya kawaida, nikadhani haina kazi. Nikaing'oa... nikaichoma.

MAMA PACHA: Yote?

WIFI: Yote. Wifi, sema kitu. Nitukane basi! [mkwaruzo kwenye simu] Usimwambie kaka, nakuomba—

MAMA PACHA: Kaka yako yuko hapa, kanishikia ndoo. Anauliza naongea na nani.

WIFI: Wifi, salio lina—

MAMA PACHA: Nimjibu ni nani?