Daktari Bado Aweka Kisu Chini

Tarehe thelathini na moja mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi, mkuu wa idara yetu ya mgongo na shingo anastaafu. Kamati ya jarida imeniomba mimi, muuguzi msimamizi wa chumba cha upasuaji, niandike wasifu wake kwa heshima na taadhima. Heshima ninayo. Taadhima nitaitafuta humu njiani.

Jina lake la kwenye vyeti halitumiki sana hapa. Wagonjwa walimpa lao zamani: Daktari Bado. Mtu anaingia ameshika kiuno, ameshawaaga watoto, amekuja na mkoba wa nguo za kulazwa, anataka akatwe leo leo. Daktari anampima, anaitazama picha, anavuta pumzi, anasema bado. Anampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anamwandikia dawa za kutuliza maumivu, anamkaripia kuhusu godoro lililobonyea katikati, kisha anamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Wengi hawakurudi kwa sababu walipata nafuu. Wachache hawakurudi kwa sababu ya hasira, na hao walituachia maneno mapokezi ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa.

Alipofika hapa alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele. Idara hii haikuwapo. Kilichokuwapo ni stoo ya magodoro ya zamani, meza moja ya upasuaji iliyoinamia kushoto, na yeye. Magodoro aliyatoa mwenyewe akisaidiwa na walinzi, na hivyo ndivyo alivyojiumiza mgongo wake wa kwanza. Mganga hajigangi, kwa hiyo aliambiwa na mtaalamu wa mazoezi anyooke kila asubuhi, naye aliitikia vizuri sana wala hakunyooka hata siku moja. Darubini ya upasuaji aliiomba kwa wakurugenzi watatu, akapigwa chenga na wote watatu. Mkurugenzi wa nne alipatwa na maumivu makali ya mgongo akiwa kikaoni, na darubini ikapatikana mwaka huo huo. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Alikuwa mwalimu mzuri, ila alifundishia kwenye chumba cha chai, na vifaa vyake vya kufundishia vilikuwa chakula cha wenzake. Anachukua vipande viwili vya mkate vilivyopakwa jemu. Mkate ni pingili za mgongo, jemu ni diski iliyo katikati. Anabonyeza upande mmoja, jemu inachuruzika upande wa pili: hiyo ndiyo inayobana mshipa wa fahamu mpaka mtu anaumwa kuanzia makalioni hadi kisiginoni. Njia ya kwanza ya upasuaji ni kuondoa kile kilichochomoza na kuacha kilichobaki. Njia ya pili ni ya wenye umri, ambao mfereji unaopitisha mishipa umewabana. Hao hupunguziwa mfupa wa nyuma ili mishipa ipate nafasi. Ya tatu ni kwa pingili zinazoteleza, nazo huunganishwa kwa skrubu na vyuma zikawa kitu kimoja, japo pingili za jirani hubaki na mzigo wa kuzibebea wenzao. Hapo ndipo alipokuwa akidunga vijiti vya meno kwenye mkate wa daktari wetu wa usingizi, ambaye alikuwa bado hajaula. Njia ya nne, aliyoipenda kuliko zote, ni kuuacha mkate wa watu. Alikuwa anaitaja wakati mkate umeshaharibika.

Ndani ya chumba cha upasuaji alikuwa na desturi yake, ambayo wageni iliwashangaza. Mgonjwa ameshalala, taa zimewashwa, kisu kiko mkononi, naye anasimama na kuuliza chumba kizima: nani ana sababu ya kutokata? Kisha anangoja, kama mfungisha ndoa. Siku moja daktari wa usingizi alijibu. Mgonjwa, dereva wa lori, alikuwa amemnong'oneza kabla ya kupitiwa na usingizi kwamba mguu uliacha kuuma tangu juzi, lakini aliona haya kusema maana ukoo mzima ulikwishakuja kumuaga. Tukamzindua. Daktari akampima upya nguvu za mguu, akazikuta timamu, akamruhusu arudi nyumbani. Mkewe alidhani tumemfukuza kwa utovu wa nidhamu, na ilibidi nitoke mwenyewe kumtetea.

Miaka tisa iliyopita tuliletewa daktari mpya wa upasuaji, binti mwenye mikono myepesi na subira nyepesi zaidi. Haikupita wiki tukambatiza Sasa Hivi. Kila Jumatano, kwenye kikao cha kutazama picha za wagonjwa, wawili hao walikuwa wakivutana. Mzee akisema haraka haraka haina baraka, binti anamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wauguzi ambao kwa kawaida huchelewa vikao walikuwa wakiwahi viti vya mbele.

Sasa nafika kwenye habari ambayo mwenyewe ameniruhusu niiandike, kwa sharti kwamba nisiipunguze makali.

Mama mkwe wake, fundi cherehani, alikuwa akiishi nao nyumbani, na ndiye aliyekuwa mpiga debe wake mkubwa. Kila alipokaa na wenzake aliwaambia mkwe wake hakati watu ovyo. Basi mwaka mmoja mama huyo akaanza kusema mezani kwamba vidole vinakufa ganzi na sindano inamponyoka. Daktari, macho kwenye simu, akasema bado, Mama, tutaangalia, ni mambo ya umri. Baadaye akasema miguu ni mizito. Bado, Mama. Hakuwa akilia wala kushika kiuno, kwa sababu hakuwa akiumwa popote. Hilo ndilo lililomponza Daktari. Alikuwa amezoea kuwatuliza wanaopiga kelele, akakosa kumsikia asiyepiga.

Asubuhi moja, akitoka kwenda kazini, alimkuta mkewe anamfungia mama yake vifungo vya gauni kama anayemvalisha mtoto. Kisha akamwona mama mkwe anatembea kuelekea jikoni, miguu ameitanua, mkono unapapasa ukuta. Mkewe anasema funguo za gari zilimponyoka Daktari na hakuziokota. Siku hiyo hiyo alimleta hapa. Picha ilionyesha kwamba mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaoshuka kutoka kwenye ubongo, umebanwa shingoni mahali patatu. Ugonjwa wa namna hiyo hautaki mazoezi wala godoro jipya. Kila mwezi unaopita huchukua kitu, na kilichochukuliwa huenda kisirudi kamwe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Daktari Bado alimtazama mgonjwa na kumwambia ni upasuaji, tena wiki hii.

Mama mkwe akajifunga kitambaa chake vizuri, akamwambia bado.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukamtazama Daktari usoni, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Mahubiri yake yote mama aliyajua kwa moyo, na aliyarudisha moja baada ya jingine: mazoezi kwanza, godoro, miezi mitatu. Daktari akampelekea mkate na jemu kumweleza, mama akaula. Akampelekea Sasa Hivi. Mama akamwambia binti huyo kwamba kwa haraka yake ile atakata hadi kamba ya kuanikia nguo. Daktari akawaita mashemeji zake waje kumsaidia, lakini wanaume wale wenye ndevu walimwogopa mama yao kuliko walivyoogopa ugonjwa. Siku zikawa zinakwenda. Kikombe cha kwanza kikamponyoka mama, kikafuata cha pili. Kazini Daktari akawa anakunywa chai kimya bila kugusa mkate wa mtu, na hapo ndipo tulipojua kwamba maji yamemfika shingoni.

Jumapili moja mchana, sebuleni, mbele ya mkewe na mashemeji wote, alifanya jambo ambalo katika kikao cha Jumatano hatukuwahi kuliona. Alisema amekosea. Alisema alimwambia mama bado bila hata kumgusa mkono, na kwamba kosa si la umri wala la mama, ni lake. Mkewe ndiye aliyenisimulia. Mama mkwe akamtaka arudie, kwa madai kwamba shemeji aliyekaa karibu na mlango hakusikia vizuri. Akarudia. Mama akasema sawa, atakatwa, lakini si na yeye. Mkwe hamshiki mkwewe shingo kwa kisu, alisema, na isitoshe mikono yako inatetemeka tangu juzi, mwanangu. Niletee yule binti wa kamba.

Walizozana tena, madaktari hao wawili, juu ya njia ya kupita. Mzee alitaka waingilie mbele ya shingo, waondoe diski na kuunganisha pingili. Binti alitaka nyuma, kwa sababu palipobanwa ni patatu na shingo ya mama haijapoteza umbo lake. Angefungua mfupa upande mmoja kama mlango kwenye bawaba, mshipa upumue. Mzee akaendelea kubisha. Sasa Hivi akamwambia kwa adabu kwamba leo yeye ni ndugu wa mgonjwa, na ndugu wa wagonjwa hukaa kwenye benchi la nje. Mimi ndiye niliyemsindikiza kwenye benchi. Nakiri kwamba nililifurahia zoezi hilo kuliko inavyofaa.

Hakukaa. Dakika chache baadaye uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kioo cha mlango. Mgonjwa alikuwa amelala, taa zinawaka, na Sasa Hivi, yule yule asiyejua kungoja, alishusha kisu na kuuliza: nani ana sababu ya kutokata? Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote tuligeukia kioo. Daktari hakuweza kutusikia, lakini alijua kinachoulizwa. Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na sababu. Kisha akatupa mgongo, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Nilimhurumia mno siku ile, na sikuwahi kumheshimu kuliko siku ile.

Upasuaji wa aina hii, Sasa Hivi alikuwa amewaeleza wote mapema, kazi yake ya kwanza ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Kinachorudi juu ya hapo ni cha kushukuru. Miguu ilirudi. Mkono wa kulia ulirudi, mpaka kwenye cherehani. Vidole viwili vya kushoto havikurudi, na havitarudi. Daktari anajua ni miezi gani iliyovichukua, na nani alikuwa anatazama simu.

Tangu hapo kila anayeingia kliniki yetu, awe na shingo au kiuno, apige kelele au akae kimya, hufungua na kufunga vifungo mbele ya daktari, na kutembea kisigino kikigusa vidole. Asipofanyiwa hivyo, daktari haruhusiwi kutamka bado. Sisi tunakiita kipimo cha mama mkwe. Mama mwenyewe hakulipenda jina hilo. Aliona kipimo kiitwe kwa jina la aliyekosea. Mwaka jana kilimnasa fundi seremala aliyekuja kwa maumivu madogo ya mgongo, shati lake limefungwa kombo toka nyumbani. Shingo yake ilikuwa imebanwa vilevile. Alifanyiwa upasuaji siku chache tu baadaye, na leo randa yake inalia kama zamani.

Kwa hiyo Daktari anaondoka akiacha idara kamili, darubini, wapasuaji aliowalea kwa ugomvi, na watu wasio na idadi wanaoinama kufunga viatu vyao wenyewe. Ukutani ana ngao na vyeti vingi. Siku moja kwenye korido aliniambia angevirudisha vyote ili asikie neno moja kutoka kwa mama mkwe wake. Kila Jumapili humtungia uzi kwenye sindano, anamsogezea kiti, anatumwa dukani na kurudishwa kwa sababu ameleta rangi siyo. Neno lenyewe hajaambiwa.

Kwa niaba ya chumba cha upasuaji, wodi, mapokezi na wote uliowafundisha, tunakushukuru, Daktari. Tunakushukuru kwa visu ulivyoshika na kwa vile ulivyokataa kushika. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na simu za wodini, na maisha marefu pamoja na mama watoto.

Limebaki agizo moja la kutimiza. Siku ile mama alipozinduka, kabla hajaomba hata maji, alinishika kiganja na kuniambia kwamba amekwisha kukusamehe. Kisha akanikataza nisikwambie mpaka siku utakapostaafu. Alisema mtu akisamehewa mapema hulegea, na wewe ulikuwa na watu wengi mbele yako wa kuwapima. Nimelibeba neno hilo miaka saba, na kila Jumatatu ulipoingia na uso ule wa Jumapili lilikuwa linaniwasha ulimini. Jana nilimpigia simu kuuliza kama naweza sasa kulitoa. Alisema nikwambie, ila niandike, ili uweze kulisoma mara mbili.

Ulisamehewa siku ile ile, Daktari. Nenda nyumbani, anakungoja.