Kabari Iliyobaki Getare

Mchungaji, wazee, walimu, majirani na wote mliofika hapa Nyaramba Ijumaa hii ya tarehe 16 Januari 2026, naomba radhi mapema, kwa sababu mtakayosikia yatasomwa vibaya, karatasi hii ilikuwa isomwe na kaka yetu mkubwa Ratemo, lakini sauti yake imekauka kwa kulia, wakatazama huku na huku wakaniona mimi Okemwa, mtu ambaye kwa miaka ishirini na tisa amelipwa kwenye majukwaa ya Kisii aseme uongo watu wacheke, wakanipa ukweli niusome, kwa dakika kumi, na Mchungaji amevua saa yake akaiweka mezani mahali ninapoiona vizuri.

Marehemu dada yetu, Mwalimu Drusilla Nyamusi Machogu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964 katika boma hili, mtoto wa pili, mimi nikamfuata miaka saba baadaye bila kuulizwa. Kabla ya kuanza shule alipewa kibao cha sleti ambacho baba aliandikia utotoni, lile jiwe jeusi lenye mabamba kama kurasa za kitabu, na mama alizoea kusimulia kwamba mtoto hakukiandika, alikiweka sikioni, akakibisha kwa kidole, akatulia kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango.

Alisoma shule ya msingi hapa Nyaramba kuanzia 1971 hadi 1977, sekondari Nyamira hadi 1983, na chuo cha ualimu hadi 1986. Januari 1987 aliajiriwa kufundisha Jiografia Mosocho, na mwaka 2004 akawa mwalimu mkuu huko Nyamira hadi alipostaafu Aprili 2024.

Agosti 1988 alipelekwa kwenye kozi ya walimu ya kupanda majabali, akarudi na kamba moja na ugonjwa usio na dawa. Nyuma ya chai yetu, wenyeji mnajua, kuna Getare, ule mwamba mweusi wa sleti ambao wachungaji wa ng'ombe huukimbia kabla ya saa sita kwa sababu unabisha, naam, unabisha kutoka ndani, mara tatu, kisha kimya. Sisi wengine tuliposikia tulirudi nyumbani. Dada alisogea karibu.

Kamba peke yake haimzuii mtu kuanguka, ni lazima unapopanda uache vipande vya chuma kwenye nyufa, uvifungie kamba, ukiteleza vikudake. Kuna vile vya kisasa vyenye springi na meno, dada aliviita kaa, unaviingiza vinajipanua. Yeye alitumia kabari, kipande tu cha chuma kinachokaa pale ufa unapobana kwenda chini, na kabari zake zilikuwa nati za shaba za mashine za kiwanda cha chai, alizopewa na marehemu Mzee Aden wa duka la vyuma Nyamira, baba yake Bi. Hodan yule pale mstari wa tatu, akazipiga tupa na kuzipitishia waya. Alinieleza kwamba sleti ni laini kama sahani yenye mafuta, kaa huteleza, na bamba likiwa jembamba kaa hulisukuma likafunguka. Kabla ya kuchagua chochote alibisha jiwe mara tatu, akasikiliza. Jiwe zima lilitoa sauti fupi nzito, akasema limeshiba. Jiwe lenye utupu nyuma yake lililia kama mtungi, akasema, "Hili lina njaa, Okemwa, twende kushoto." Nami nilikuwa chini, nimeshika kamba, tangu 1989.

Aliolewa na Bwana Abner Machogu Jumapili tarehe 17 Desemba 1989, Mungu akawajalia watoto wawili, Valentine mwaka 1991 na Gibson mwaka 1994. Shemeji Abner anasema mara nyingine wakiwa mezani marehemu aliweka kijiko chini, akageukia dirisha la upande wa Getare, akasema, "Wanabisha," kisha akaendelea kula.

Jumapili tarehe 8 Agosti 2004 nilitoka Nairobi na kaa watatu wapya wanaong'aa, nikamwambia, dada, wacha nati za kiwanda, tumekuwa watu. Alibisha, akasema jiwe lina njaa, nikamcheka, na kwa kunionea huruma akawaweka. Alipoteleza, bamba lilifunguka kama mlango, kaa wote watatu wakatoka mmoja baada ya mwingine, na kilichomdaka ni nati moja ya shaba aliyoiweka chini kabisa, kwa ukaidi. Alining'inia kichwa chini, nywele zikigusa majani.

Nati ile ilikataa kutoka. Tukaiacha, na kila Jumapili ya kwanza ya Januari alikwenda kuiangalia, akirudi anasema, "Bado imenishika." Mwaka wa kwanza waya wake ulikuwa nje vidole vinne, mwaka 2014 viwili, mwaka jana kidole kimoja, na hakuna mtu aliyeigonga nyundo. Ilikuwa inaingia yenyewe.

Oktoba 2024 marehemu alianza kushindwa kumeza, madaktari wakagundua saratani ya koo, akatibiwa Kisii kwa miezi kumi na tano. Walimtaka afanyiwe upasuaji Jumatatu tarehe 5 Januari, akasema hatatia sahihi mpaka ajue habari za Getare. Akanituma mimi, kwa sauti ndogo ambayo Valentine pia aliisikia, "Uniangalizie kwa macho, Okemwa. Mkono wako uuache nyumbani."

Jumapili tarehe 4 asubuhi nilipanda kwa ngazi. Waya ulikuwa nje vidole vinne, kama mwaka wa kwanza. Nilibisha jiwe, na lile ambalo lilikuwa na njaa miaka yote lilitoa sauti fupi nzito. Limeshiba. Nikasema moyoni, wacha nihakikishe, nikamjulishe dada kwa uhakika. Niliigusa kwa kidole kimoja, ikaniangukia mkononi kama jino la mtoto, asubuhi ile ya baridi, nayo ikiwa na joto. Simu ililia nikiwa bado kwenye ngazi. Alikuwa Valentine. Saa nne na dakika kumi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao wameandika sababu yao ya kifo kwenye fomu nami naiheshimu, walimu wenzake wa Mosocho na Nyamira, majirani mliokesha nasi, Bi. Hodan kwa mahema, na vijana waliochimba kaburi, ambao jana kwa futi ya tano walikuta bamba jeusi, wakalibisha, wakaniita nisikilize, nikakataa.

Nati iko kwenye jeneza, mkononi mwake. Niliomba nami niwe mmoja wa watakaomteremsha, shemeji Abner akasema taratibu, "Wewe leo angalia kwa macho."

Pumzika kwa amani, dada, bila wasiwasi wowote: kamba ya leo sikupewa mimi.