Eugenia Leodegar, Muuguzi Aliyetusema Kuhusu Sukari Hadi Mwisho

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu mliotoka Kisarawe, asalaam aleykum. Anayesoma ni Anselmi, mdogo wake marehemu.

Eugenia Leodegar alizaliwa Kamachumu, Muleba, tarehe 14 Machi 1963, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1971 hadi 1977, baadaye akasomea uuguzi, na mwaka 1984 akapangiwa zahanati ya kijiji wilayani Kisarawe, alikotumikia hadi kustaafu mwaka 2023. Tarehe 7 Julai 1990 alifunga ndoa na Mwalimu Laurean, wakajenga nyumba mtaa wa Picha ya Ndege, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2010 kitinda mimba wao, Juliana, akiwa na miaka kumi na mmoja, alikonda, akawa hashibi maji, majirani wakasema amechezewa na wachawi, na mama yake, muuguzi mzima, akamtibu malaria wiki tatu mpaka mtoto akazimia, ndipo ikaonekana ni kisukari. Juliana alipona hatari ile, yupo hapa nasi, lakini marehemu hakujisamehe, akawa anabeba kipimo cha sukari shuleni, kanisani, msikitini na kwenye vijiwe vya bodaboda. Wazazi walimwambia watoto hawapati sukari, vijana wakasema, "Hiyo ya wazee, mama," wazee nao wakasema ni ya matajiri, naye akawajibu, "Nionyesheni tajiri mmoja kati ya hawa ninaowafunga vidonda!"

Mwenyewe aligundulika mwaka 2014, akajitunza sana, lakini figo zilichoka, akalazwa tarehe 28 Oktoba 2025. Wageni wakaja na soda, eti mgonjwa apate nguvu, akauliza kama miaka yote ile alikuwa akizungumza na ukuta. Jumapili tarehe 9 Novemba alimwamuru Anselmi huyuhuyu anayewasomea, aliyemkwepa miaka kumi na mitano kwa kujiona mzima, anyooshe kidole, na kipimo kikasoma kumi na tisa, ilhali haipaswi kuzidi kumi na moja. Hakumkaripia, alisonya tu, akageukia dirishani, machozi yakamtoka. Alifariki Jumatano tarehe 12, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Picha ya Ndege, na watumishi wenzake wa zahanati, ambao tangu asubuhi wamekaa pembeni ya turubai na kipimo, wakapata watu watatu tu, wote wanawake. Chakula kitasubiri, wanaume inukeni, njooni mpimwe pamoja na watoto.

Dada Eugenia, umesema vya kutosha; pumzika sasa, kwa amani ya Bwana.