Digrii Mia

Katika treni ya kwenda Mpanda, kijana aliyekaa mbele yangu alimwambia mama mwenye tenga la kuku kwamba ameacha kufundisha maabara ya chuo, anarudi kwao Karema kuvua dagaa.

“Niliwapa wanafunzi kipimajoto kibovu wapimie maji yanayochemka, mama. Zebaki haikupanda hata kidogo. Wote wakaandika digrii mia.”

“Si ndivyo kitabu kinavyosema?”

“Kinasema. Mimi nataka waandike walichokiona.”

Mama alicheka mpaka kuku wakashtuka. “Kwa hilo tu unakimbilia dagaa? Rudi ukafundishe, mwanangu. Haya, niambie, Mpanda tunafika saa ngapi?”

“Saa nne asubuhi,” kijana akajibu papo hapo, kama ratiba ilivyosema.

Jua lilikuwa utosini. Niliuma ncha ya kanga nisicheke, lakini wenzangu behewani hawakujisumbua kujizuia. Kijana mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi.

Mara treni ikasimama, na Mpanda haikuonekana.

“Haya, mwalimu,” mama akasema, “unaona nini?”

Kijana akatoa kichwa dirishani, akatazama kwa makini mbele na nyuma.

“Miti, mama.”

“Maksi zote.”