Kiti Kimoja, Ndugu Wawili

Marehemu mama yetu, mkunga, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akiwa mtoto wa kwanza. Wa pili ni mjomba, dereva wa lori, aliyeketi pale mlangoni.

Mama alisoma shule ya mtaa wa juu, kwa kuwa sisi wa chini hatukuwa na shule, akahitimu ukunga mwaka 1979, akaajiriwa katika zahanati yetu Januari 1980, akaolewa na baba, fundi redio, tarehe 12 Juni 1982, wakatupata kaka na mimi.

Kata yetu ina kiti kimoja cha udiwani, anayeongoza hata kwa kura moja hukichukua chote, na mtaa wa juu, ulio na watu wachache kuliko sisi, umekishika miaka yote kwa sababu husimamisha mtu mmoja. Mwaka 2010 wazee walimwomba Mama agombee, vijana wakamwomba mjomba, na mtaa, kwa kuogopa kumuudhi yeyote, ukawabariki wote wawili. Mjomba alimtania mkutanoni, "Dada, wewe umezoea kungoja miezi tisa, sisi tuna haraka," naye akamjibu, "Wewe ulizaliwa kwa kutanguliza miguu, ndiyo maana hujui unakoelekea," tukacheka sana. Mama alipata kura 611, mjomba 588, mgombea wa mtaa wa juu 640. Sisi tulikuwa karibu theluthi mbili. Diwani yule alihamishia kwao chumba cha kujifungulia pamoja na zamu ya usiku, na ndugu hawa hawakusemeshana tena.

Mama aliugua shinikizo la damu tangu 2016, na Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, alipooza, zahanati yetu ikiwa imefungwa, mjomba akampakia kwenye lori, akawa anamwita "Dada" njia nzima, naye hakuweza kutamka neno. Alifariki saa nne na dakika kumi.

Tunawashukuru madaktari waliompokea, wakunga wenzake, majirani, na mjomba.

Pumzika kwa amani, Mama, wala usiulize ya mtaani, maana asubuhi iliyofuata walikuja wajumbe wawili, kila mmoja kivyake, wa kwanza akitaka nigombee mimi, wa pili akimtaka kaka, nami niliwaambia wote wawili tutaona, nikaingia ndani kukunja sare zako.