Siku Kumi na Mbili na Ngoja

Benchi la Spana ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya kibanda anachotengenezea baiskeli, pale barabara ya soko inapokutana na ile inayoteremka shuleni. Kila alasiri, Bi Mvuke, muuza kahawa, akishatua birika lake na jiko la makaa, wenyewe hukusanyika: Spana, mikono myeusi kwa grisi, Redio, kinyozi wa duka la pili, asiyenyamaza hata akiwa na wembe shingoni mwa mtu, na Kamusi, karani mstaafu, mwenye methali kwa kila jambo na asiyepatia hata moja. Wa nne ni Taratibu. Huyu ni dereva wa gari la maiti, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kazi imemwingia mwilini: hutembea kama mtu aliye nyuma ya jeneza, na kahawa yake huikoroga kama anayeogopa kuiamsha. Ndiyo maana siku ile alipotokea kwenye kona anakimbia, kofia mkononi, shati limechomoka, benchi zima lilisimama.

— Nani kafa? Redio akapiga kelele.

— Mtu akifa, huyu hakimbii, alisema Spana. Ukiona anakimbia ujue maiti kafufuka.

Kabla hawajacheka vizuri, mbwa mwenye rangi ya tangawizi, sikio moja limesimama na jingine limelala, alipita chini ya benchi kama risasi, akazunguka jiko la Bi Mvuke mara mbili, akarudi alikotoka. Nyuma yake kamba ilikuwa ikiburuzika. Taratibu akaikanyaga, akainama, akashika magoti, pumzi juu juu.

— Haraka haraka ina baraka, Kamusi akamkumbusha.

— Kamusi, nyamaza.

— Ngoja nikueleze maana yake...

Alipotamka tu neno hilo, mbwa akaruka, akamwekea Kamusi miguu miwili kifuani na kumlamba miwani. Jina lake lilikuwa Ngoja. Mwenye mbwa hakumpa jina hilo kwa kupenda; ndilo neno alilomwambia kutwa kucha tangu alipokuwa mdogo, mpaka mbwa mwenyewe akaamini ndivyo anavyoitwa. Sasa ukimwambia angoje, anakuja mbio.

Mwenye mbwa alikuwa Mama Maua, mjane anayeuza maua karibu na lango la hospitali. Binti yake alikuwa amejifungua mji wa mbali, naye akaenda kumlea mzazi. Asubuhi ya safari alimkabidhi Taratibu kamba, bakuli na maneno machache:

— Siku kumi na mbili tu. Nikirudi, nataka nimkute anakaa akiambiwa akae.

Taratibu alikuwa ameshasema ndiyo kabla hajasikia anaombwa nini. Miaka mitano sasa, kila Ijumaa, alikwenda kwa mama huyo kuchukua mashada ya kampuni yake ya mazishi. Kila Ijumaa alikuwa na neno kooni, na kila Ijumaa aliondoka nalo vilevile. Safari hii aliweka nadhiri: mbwa akikaa, na yeye atasema. Mbwa asipokaa, basi. Mwanamume aliyeshindwa na mbwa atamwambia nini mwanamke?

Leo ilikuwa siku ya kumi na moja. Mbwa hajakaa hata mara moja.

Alikuwa ametafuna kiatu cheusi cha kushoto, Taratibu akaenda kuzika mtu wa watu na kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Alikuwa amechimba shimo uani ambalo mwenye nyumba alilichungulia, kisha akamuuliza mpangaji wake kama siku hizi anafanyia kazi nyumbani. Yote hayo benchi lilikuwa likiyajua. Ambalo halikulijua ni kwamba kila alfajiri Taratibu alimpeleka mbwa kwenye uwanja wa shule. Siku ya kwanza alitembea, mbwa akamvuta. Siku ya nne alijikuta anakimbia. Siku ya saba alijikuta anacheka peke yake, katikati ya umande, mtu wa miaka hamsini na minne, akirushiana mpira uliochanika na mnyama. Hilo hakumwambia mtu. Aliliona ni aibu, tena aibu tamu.

Bi Mvuke akammiminia kikombe.

— Mama wa watu anarudi kesho?

— Kesho.

— Na mbwa?

Taratibu akamtazama mbwa. Mbwa alikuwa akijaribu kuukamata mkia wake mwenyewe.

— Ndugu zangu, akasema, leo sikuja kupiga soga. Nimekuja kuomba msaada. Nimfanyeje akae?

Hakuna benchi duniani linaloombwa ushauri likasema halijui. Spana ndiye aliyeanza.

— Mimi nilishasema. Huyu ana nguvu zisizo na kazi. Afungwe kwenye baiskeli.

— Jana ulimfunga, Bi Mvuke akamkumbusha. Nani aliyekutoa kwenye mtaro?

— Kosa lilikuwa la breki.

— Breki za baiskeli ya fundi baiskeli, akasema Bi Mvuke, akageukia makaa yake.

Redio akasogea mbele, akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali.

— Sikilizeni. Akili ni nywele. Sivyo?

— Kila mtu ana zake, akaitikia Spana.

— Sasa mtazameni huyu, nywele zimemjaa mpaka kwenye vidole. Akili zimemzidi kipimo. Nipeni robo saa na mashine yangu, nimpunguze pande zote, nimwachie kidogo juu. Atakaa kama bwana harusi.

— Hanyolewi mtu, akasema Taratibu.

— Basi pembeni tu!

— Wahenga walisema, Kamusi akaingia, akifuta miwani, samaki mkunje angali mbichi.

Wote wakasubiri.

— Haya, kwa hiyo? akauliza Spana.

— Kwa hiyo anunuliwe samaki. Mbichi.

— Kamusi, methali hiyo inahusu malezi.

— Na mimi nazungumzia nini? Utamlea mtu kwa njaa?

Redio akasema samaki ana mafuta, na mafuta ni nishati, mbwa atazidi kuruka; apewe kitu kizito, ugali wa jana, umvute chini kwa uzito wake. Spana akasema kama ni uzito basi yeye ana mnyororo wa pikipiki. Redio akasema tatizo ni lugha: mbwa huyu anaambiwa "kaa" kama anayefukuzwa, wakati mbwa wa heshima huambiwa "karibu kiti". Wakajaribu. Redio akainama mbele ya mbwa, mkono kifuani.

— Karibu kiti, mheshimiwa.

Mbwa akachukua kitambaa cha kinyozi mfukoni mwake, akaondoka nacho. Wakamkimbiza kuzunguka kibanda mara tatu. Wapita njia wakasimama kutazama. Mama mmoja akaweka kikapu chini ili acheke vizuri.

Kitambaa kiliporudi, kimelowa, Kamusi alikuwa amesimama juu ya benchi.

— Nimeelewa! Wajinga sisi! Tangu tuanze tunamwambia kaa. Je, kuna aliyemwonyesha? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile, Kamusi alikuwa amepatia methali, na jambo hilo liliwaogopesha kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumpinga.

— Unataka kusema nini? akauliza Taratibu.

— Tukae sisi. Kimbwa. Akituona watu wazima tumekaa, ataona haya naye atakaa.

— Mimi nina magoti mabovu, alisema Redio.

— Na mimi nina mbwa wa mtu na siku moja, akasema Taratibu.

Akavua kofia. Akashuka barabarani, akachuchumaa, akaweka viganja viwili chini mbele yake. Kwa kweli hakuamini kitu katika maneno ya Kamusi. Lakini siku kumi na moja zilikuwa zimepita, na mtu anayezama hachagui jani. Kamusi akachuchumaa kulia kwake, suruali ikalia kwenye mshono. Redio akashuka kushoto, akiguna. Spana akabaki amesimama na kamba, awe mwamuzi.

— Kaa! Spana akaamuru.

Wazee watatu wakakaa. Mbwa akawatazama mmoja mmoja, kichwa upande, kama mwalimu anayekagua daftari.

— Simama! Wakasimama, na viungo vyao vikasikika. — Kaa! Wakakaa tena.

— Anaelewa, Kamusi akanong'ona. Tazama macho yake.

— Anakuonea huruma, alisema Bi Mvuke.

— Toa na ulimi, Redio, Kamusi akasisitiza. Mbwa hukaa ametoa ulimi.

Redio akatoa ulimi. Mbwa, kwa furaha isiyo kifani, akaanza kuwarukia mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeona kwamba mwanamke mwenye begi dogo na mwavuli uliofungwa alikuwa amesimama kwa muda mbele ya jiko la Bi Mvuke, kikombe mkononi, amekwisha kunywa nusu.

— Samahani, akasema mwanamke. Hapa nani anamfundisha nani?

Redio alirudisha ulimi. Kamusi alifungua mdomo, akatafuta methali, akakuta kabati tupu. Spana aliitazama kamba kama kitu alichookota.

Taratibu akajua ile sauti kabla hajageuka. Alitamani ardhi ipasuke, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye ajuaye zaidi ya wote jinsi mtu anavyoingia ardhini, na kwamba si haraka hivyo.

— Mama Maua. Ulisema kesho.

— Nimepanda basi la leo.

Ngoja alishamfikia, analia, anazunguka, mkia unapiga begi. Taratibu akasimama, akapangusa vumbi kwenye magoti.

— Nisamehe, akasema. Nimeshindwa. Hakai. Nimejaribu kila kitu. Kukimbia anakimbia, kurudisha mpira anarudisha, na usiku hulala miguuni mwangu. Ila kukaa, hapana.

Mama Maua akaweka kikombe chini. Akainua kiganja chake cha kulia usawa wa bega, bila kusema neno. Mbwa akakaa. Akakaa wima, kimya, kama sanamu ya mlangoni pa benki.

— Mama yangu! alisema Spana.

— Anajua! akapayuka Redio. Muda wote huu anajua!

— Tangu ana miezi minne, akajibu Mama Maua. Hafuati maneno, anafuata mkono.

Taratibu alihisi masikio yanawaka moto.

— Sasa mbona hukuniambia?

— Ningekwambia, ungeinua mkono, yeye akakaa, na wewe ukakaa. Miaka mitano nakuona umekaa. Garini umekaa. Hapa kwa wenzako umekaa. Ijumaa unakuja kwangu unakaa juu ya ndoo ya maua robo saa, naona kabisa una neno, halafu unabeba mashada unaondoka. Nikasema nimpe mtu huyu kitu cha kumwinua.

Bi Mvuke alikuwa ameacha makaa yake yazimike.

— Mlinzi wa shule ni mdogo wangu, akaendelea, sasa sauti imelainika. Ananipigia simu kila asubuhi. Siku ya kwanza akaniambia, dada, rafiki yako anaburuzwa. Siku ya nne, anakimbia. Juzi kati akaniambia, dada, leo nimemsikia anacheka, peke yake, nikatoka nje nikidhani ni mtu mwingine. Nikamwomba mwanangu ruhusa. Nikakata tiketi ya leo.

Taratibu alimtazama. Alikuwa amejiandalia hotuba ya miaka mitano, yenye utangulizi na shukrani, na sasa haikumjia hata sentensi moja. Kilichomjia ni pumzi nyingi, kama ile ya uwanjani alfajiri.

— Nataka nikuoe, akasema.

— Umesema polepole sana. Rudia, hawa wasikie.

— Nataka nikuoe!

Mama mwenye kikapu, aliyekuwa bado hajaondoka, akapiga kigelegele. Mbwa akabweka lakini hakuinuka, maana mkono wa mwenyewe ulikuwa bado juu.

— Haya, alisema Mama Maua. Mimi nina kaka zangu wawili. Watume wazee wako waje wazungumze nao, Jumapili baada ya chakula cha mchana.

— Wazee ni sisi! Kamusi akadakia, akinyoosha mgongo kwa shida. Mimi ndiye mshenga. Wahenga walisema, mgeni njoo...

Mama Maua akawatazama mmoja mmoja: Kamusi na mshono wa suruali ulioachia, Redio na vumbi kwenye ulimi, Spana na kamba isiyo na mbwa.

— Waje, akamwambia Taratibu. Ila waambie kwetu kuna viti.

Akashusha mkono. Ngoja akaruka juu, na Taratibu akanyakua begi la mwanamke kabla hajaombwa. Wakaondoka watatu kuelekea lango la hospitali, mbwa akiwatangulia na kurudi, akiwatangulia na kurudi, na nyuma, kwenye benchi, shemeji wapya wa Mama Maua wakilumbana tayari nani atavaa koti.

— Bi Mvuke! Redio akaita. Duru nyingine, sote, leo ni sherehe!

Bi Mvuke akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe. Likatoa tone moja.

— Imekwisha, akasema, akianza kukusanya vikombe. Kamusi, lete hiyo suruali niishone. Huendi kumposea mtu mwanamke hivyo.